Nimepewa siku 14 niwaondoe kuku, na nadhani namjua jirani aliyenichongea

Mama_Tetea | Jumatano usiku

Hamjambo wafugaji. Nimekuwa nikisoma hapa kimyakimya tangu mwaka wa korona. Leo maji yamenifika shingoni, nisaidieni.

Naishi Free Area, Nakuru, ploti ya nyumba nane. Nne upande huu, nne upande ule, katikati kamba za nguo, nyuma choo na tangi la maji. Kati ya tangi na ukuta pana upenyo wa mtu mwembamba kupita akijikunja. Hapo ndipo nina kuku watano. Na kwenye geti kuna kibati kimeandikwa kwa rangi nyekundu MIFUGO HAIRUHUSIWI. Nimepita chini ya kibati hicho kila siku, kwa hiyo tusipotezeane muda, nilijua.

Nilianza 2020. Nilikuwa nauza mandazi na viazi karai mbele ya shule ya msingi, na shule zilipofungwa Machi wateja wangu wote, ambao ni watu wa kaptura, wakarudi kwa mama zao. Nilikula akiba mpaka ikaisha. Ndipo mamangu akanitumia matembe wawili, kuku majike ambao hawajaanza kutaga, kutoka Njoro, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia, juu ya matatu, na ujumbe kwenye simu: "Hawa serikali haiwafungi."

Kibanda nilikiunda kwa mbao za kitanda cha ghorofa alichoacha mpangaji aliyehama usiku. Misumari nilipiga Jumapili watu wakiwa kanisani. Jogoo sina na sijawahi kutaka, maana kuku hutaga bila yeye. Kuna mmoja aliyekuja kama tembe akageuka pora. Alijaribu kuwika Ijumaa, Jumamosi akawa mchuzi.

Siku nzuri napata mayai manne. Nampelekea mwenye kioski nje ya geti, naye huwauzia wapangaji wenzangu kama mayai ya kienyeji, ambayo ni kweli. Mama Pacha wa nyumba namba mbili alinisimamisha kwenye mfereji akaniambia, "Jirani, yale mayai ya kioski kiini chake ni cha njano mpaka chapati inabadilika rangi. Sijui yanatoka wapi." Nikamwambia pengine yanatoka kule Bahati, nje ya mji. Tangi lilikuwa nyuma yake, hata hatua kumi hazifiki.

Sasa Jumatatu keateka, mtunza ploti, kaniletea barua ya mwenye nyumba. Siku 14 kuku wawe wametoka, la sivyo nitoke nao. Nilipomuuliza kisa akasema kuna mpangaji amelalamika kuhusu kelele. Kelele gani na jogoo sina? Hakutaja jina, lakini mimi najua. Januari niligombana na Mama Pacha juu ya kamba ya nguo, na tangu siku hiyo salamu zake zinaishia kwenye meno. Nimeacha kumsalimu kabisa. Jana mtoto wake mmoja alibisha kuomba chumvi nikasema sina. Chumvi ninayo kilo nzima.

Naomba kujua mambo mawili. Kuna sheria yoyote inayonilinda? Na kuna namna ya kufanya kuku wanyamaze? Mji huu watalii huvuka bahari kuja kutazama ndege ziwani, ndege wangu watano wamepewa notisi.

---

Omera_Kondele | Jumatano usiku

Pole dada. Mimi ni wa Kisumu, na nilifanya kosa kubwa kuliko lako. Nilifuga jogoo. Nyumba ya kupanga, Kondele, ukuta mmoja na fundi cherehani aliyekuwa analala saa nane usiku.

Jogoo wangu alikuwa anaanza saa kumi. Si saa kumi na moja, saa kumi kamili, kama ameajiriwa. Nikaambiwa jogoo hawiki bila kunyoosha shingo, kwa hiyo mlaze kwenye sanduku lenye paa la chini. Nikamtengenezea. Usiku wa kwanza kimya. Usiku wa pili akajifunza kuwika akiwa amejikunja, sauti ikatoka ya mzee anayekohoa ndani ya pipa. Fundi aligonga ukuta akauliza kama nina mgonjwa.

Nikasema ndiyo.

Siku tatu baadaye mkewe akaniletea uji wa mgonjwa. Nilikunywa ule uji nimesimama mlangoni nimeziba njia asiingie ndani. Wikendi hiyo jogoo alienda Ahero kwa shangazi, na mpaka leo nikimwona yule mama sokoni napitia upande wa samaki.

Kuhusu kelele zako: kuku jike hawiki lakini anatetea, na anatetea akishataga. Hawa wako wanataga saa ngapi?

---

Sukuma_Na_Firigisi | Jumatano usiku

Siku 14 ni nyingi. Kuku watano, wiki mbili, mnakula taratibu bila haraka. Firigisi niwekee.

---

Mwenye_Ploti | Alhamisi asubuhi

Mtanichukia lakini acha niseme. Nina ploti mbili Nakuru na kibati kama hicho nimeweka kwa mkono wangu mwenyewe.

Kuku si tatizo. Tatizo ni chakula cha kuku. Ukimwaga pumba nyuma ya tangi, usiku panya wanakuja, na panya hawasomi kwamba ni nyumba namba saba ndiyo yenye kuku. Wanaingia namba tatu wanakula godoro la mtoto. Halafu utitiri. Niliwahi kuwa na mpangaji aliyefuga kuku sita jikoni. Alipohama, aliyeingia alikaa siku nne akarudi na mikono yote vipele, anataka kodi yake na dipoziti yake. Nilimrudishia. Chumba nilikipiga dawa mara tatu na kikakaa bure miezi miwili.

Na jambo la tatu, ukimruhusu huyu kuku watano, yule ataleta sungura, mwingine mbuzi wa Krismasi mnamo Septemba. Nitamwambia nini?

Dada, umesema ulijua. Mkataba uliweka sahihi. Watu wakisikia "mwenye nyumba" wanaona mtu mbaya, lakini huyo wako amekupa siku 14 kwa maandishi. Wapo wanaokuja na rungu.

---

Mama_Tetea | Alhamisi mchana

@Mwenye_Ploti nimesoma, na kuhusu panya sina la kujibu, kwa sababu nilimwona mmoja mwezi wa tano nikajifanya sikumwona. Utitiri sina. Nawapaka majivu, na kibanda nakichunguza kwa tochi usiku, kwenye maungio ya mbao.

@Omera_Kondele wanataga kati ya saa mbili na saa tano asubuhi, inategemea. Kuna mmoja, Kijivu, akitaga anatangaza robo saa nzima. Lakini saa hizo kila mtu yuko kazini! Mama Pacha peke yake ndiye anayebaki. Ndiyo maana nasema ni yeye.

---

Afisa_Mifugo_Mstaafu | Alhamisi jioni

Nimefanya kazi ya mifugo wilayani na baadaye kaunti, sasa nimestaafu niko Kakamega. Huku kwetu kumwambia mtu asifuge kuku ni kumwambia asipokee wageni, kwa hiyo moyo wangu uko nawe. Kichwa changu kiko na mwenye nyumba.

Kuhusu sheria. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa serikali za kaunti kilimo pamoja na ufugaji, na imewapa pia udhibiti wa kero za umma. Kwa hiyo kuku wa mjini ni jambo la kaunti. Nairobi walitunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015, na watu hupenda kuitaja kana kwamba ni ya nchi nzima. Ni ya Nairobi. Halafu kuna Sheria ya Afya ya Umma, Sura 242, ambayo afisa wa afya anaweza kuitumia dhidi ya banda linalonuka au linalozalisha inzi na panya. Kwa kawaida utapewa notisi ya kusafisha kwanza, mahakama ni baadaye.

Lakini hata kaunti ikikuruhusu kwa tarumbeta, bado kuna karatasi uliyotia sahihi. Kile ni kiwanja cha mtu. Usiende kwa chifu na hoja hiyo, utarudi na aibu.

Sasa kelele. Kuku huhitaji saa kama ishirini na tano au zaidi kidogo kutengeneza yai moja, si ishirini na nne. Ndiyo maana leo anataga saa mbili, kesho saa tatu na kitu, keshokutwa saa tano, halafu siku moja anaruka, anaanza tena mapema. Kwa hiyo huwezi kumzoea kama saa ya ukutani. Jirani hajui atapigiwa mbiu saa ngapi, na hilo linachosha kuliko jogoo. Dawa ya kumnyamazisha haipo. Anayekuuzia ni mwongo.

Harufu ni maji, si kinyesi. Kinyesi kikavu hakinuki sana. Kinyweo kikivuja juu ya maranda ndipo inapanda ile harufu inayokata macho. Kinyweo kiinue kifikie mgongo wa kuku, maranda yageuze, yaliyolowa toa. Chakula kitie kwenye ndoo yenye kifuniko na usilaze hata punje chini. Najua utawahamisha, lakini huko wanakokwenda utahitaji haya.

Na kabla ya kuwahamisha niambie, wamechanjwa kideri, yaani Newcastle? Maana kuwapeleka kuku wasiochanjwa kwenye kundi la mwingine, au waliochanjwa jana, ndiyo njia ya kupoteza kuku na rafiki kwa mpigo mmoja.

---

Mama_Tetea | Alhamisi usiku

Afisa asante. Walichanjwa mara moja, zamani. Shida ni kwamba chupa ni ya kuku mia na mimi nina watano. Naona kama kumwaga pesa.

---

Afisa_Mifugo_Mstaafu | Ijumaa asubuhi

Kila mtu wa kuku watano husema hivyo, na kideri kikifika kinamaliza wote watano ndani ya wiki. Tafuta wenye kuku mtaani mchangie chupa moja. Mkishaichanganya na maji mna kama saa mbili tu, kwa hiyo wote wawe tayari. Msitumie maji ya mfereji, klorini inaua chanjo. Ya mvua ni bora. Halafu rudia kila miezi mitatu, na usihamishe kuku mpaka wiki mbili zipite.

Najua ninachokuambia, kwamba siku 14 zote zinaishia hapo. Kamwambie mwenye nyumba hivyo hivyo, kwa tarehe. Mtu akiona tarehe ya kuondoka huwa mpole.

Na huyo Mama Pacha, umemuuliza?

---

Mama_Tetea | Jumanne usiku

Nimekawia kwa sababu nilikuwa na aibu. Sasa acha niwaeleze.

Jumamosi nilichemsha ujasiri nikaenda namba mbili na mayai sita kwenye sahani, na juu yake pakiti ya chumvi. Mama Pacha akafungua. Nikasema, "Jirani, yale mayai ya kiini cha njano ni yangu. Kuku wako nyuma ya tangi. Na chumvi nilikuwa nayo." Akaniangalia. Akaangalia sahani. Akasema, "Kuku nawajua tangu mwaka juzi. Mapacha wanawapelekea maganda ya viazi kila wakitoka shule. Wewe ulidhani wananenepa kwa upepo?"

Kumbe watoto walikuwa wanajibana nyuma ya tangi na wana majina yao. Kijivu kwao anaitwa Mwalimu, kwa sababu anapiga kelele asubuhi.

Kuhusu chumvi hakusema kitu. Aliiweka juu ya kabati, polepole, mahali ambapo nikiketi naiona. Nadhani nitaiona muda mrefu.

Nikamuuliza basi ni nani. Akanyanyua kidevu kuelekea namba nne. Namba nne ni Sista, muuguzi, msichana mpole, hata redio hawashi. Nikasema haiwezekani, Sista haonekani mchana. Mama Pacha akasema, "Haonekani kwa sababu analala."

Yuko zamu ya usiku. Anarudi saa mbili asubuhi. Nyumba namba nne imepakana na tangi, dirisha la chumba chake cha kulala liko juu ya ule upenyo wangu. Mimi saa hizo niko kwenye mandazi, sijawahi kuwa nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi tangu shule zifunguliwe Januari 2021. Siku hizo sijawahi kuwasikia kuku wangu mwenyewe wakitaga. Nawakuta wametulia, yai liko kwenye maranda, nafikiri limeshuka kimya kama mvua ya usiku.

Jana sikwenda kuuza. Nilibisha namba nne saa mbili na nusu. Alikuwa bado na sweta ya kazi. Nikamwambia ni mimi mwenye kuku. Akasema anajua, akaniomba msamaha! Yeye aniombe mimi. Akasema alivumilia, alijaribu pamba masikioni, lakini wiki ile alikuwa amefanya usiku sita mfululizo na siku ya sita alikaa kitandani akalia, ndipo akampigia keateka. Akanikaribisha chai. Dirisha ameliziba kwa blanketi la kijivu lililopigiliwa misumari minne, chumba giza kama chungu. Tukakaa. Saa tatu ikapita. Nikaanza kufikiri labda anatia chumvi. (Jamani leo chumvi haiishi.)

Saa tatu na dakika kumi Kijivu akaanza.

Siwezi kuwaelezea. Ukuta ule ni wa mawe lakini dirisha ni kioo kimoja chembamba, na upenyo kati ya tangi na ukuta unafanya sauti igonge huku na kule kabla ya kupanda. Kijivu akianza, wengine wanne wanamwitikia, hata ambao hawajataga. Kikombe changu kilikuwa mkononi sikukinywa. Sista alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri gari la moshi lipite. Nilihesabu kwenye simu, dakika kumi na moja. Kukawa kimya, nikashusha pumzi, naye akasema taratibu, "Bado yule mweusi."

Basi sikuwa na cha kutetea. Nilitoka pale nikampigia mwenye nyumba kabla hajanipigia. Nikamwambia kuhusu chanjo na tarehe kama Afisa alivyosema. Alinyamaza, kisha akasema hajawahi kupigiwa simu na mpangaji kuhusu kideri. Ameongeza wiki mbili, kwa sharti kwamba panya wakionekana ni juu yangu.

Dada mmoja tunayeimba naye kwaya ana robo eka Kiamunyi na kuku wake kumi na wawili. Tumekubaliana nusu mayai yake, nusu yangu, chakula cha wangu nilete mimi. Yeye naye hakuwa amechanja kwa sababu hiyo hiyo ya chupa, kwa hiyo Alhamisi tunachangia, pamoja na mzee wa pale kwake mwenye thelathini. Maji ya mvua tayari nimekinga. Wangu nitawachanja huku, wao kule, chupa moja inasafiri kwenye barafu na bodaboda.

Kwa wiki hizi tatu tumepanga hivi na Sista. Siku akitoka zamu, namwachia ufunguo wangu saa mbili, analala kwangu namba saba, upande wa pili kabisa. Nimempa shuka mpya. Leo alilala mpaka saa tisa, nilipofika na karai langu nilimkuta anatoka na alama ya mto usoni, akauliza, "Wakienda Kiamunyi, mayai nitakuwa nanunua wapi?"

---

Omera_Kondele | Jumanne usiku

Dada umenifanya nimwazie yule mama wa uji. Jumamosi sitapita upande wa samaki.

---

Sukuma_Na_Firigisi | Jumatano asubuhi

Kwa hiyo firigisi hakuna.

---

Mama_Tetea | Jumatano mchana

Hakuna. Ila kibanda kitabaki tupu, na keateka anasema hakiwezi kukaa pale nyuma. Kina futi nne kwa mbili na nusu, mbao ngumu za kitanda, waya mpya upande mmoja, bati halivuji, miguu nimeivisha makopo ya oili ili utitiri wasipande. Aliye Nakuru na anakihitaji anitumie ujumbe wa faragha, bei tutaelewana. Usafiri ni wako.

---

Mwenye_Ploti | Jumatano jioni

Kimo chake kwenda juu ni futi ngapi? Ni cha nyumbani kwangu, si cha ploti.